Mwongozo Kamili wa Kulima Zabibu za Mvinyo Nyumbani Penye Baridi na Unyevunyevu

Wengi wanaojaribu kulima zabibu za mvinyo mahali penye baridi na mvua za mara kwa mara hunieleza habari ileile. Mche ulishika vizuri, mwaka wa pili ukafunika ukuta mzima, mwaka wa tatu ukazaa vichala vingi, kisha wiki chache kabla ya mavuno majani yakafunikwa na unga mweupe, zabibu zikapasuka na kuoza, na zilizosalia zikabaki na uchachu wake mpaka jalidi, yaani umande ulioganda kwa baridi, ilipoanguka. Karibu wote hulaumu baridi. Baridi ina sehemu yake, lakini kinachoangusha mizabibu mingi ya nyumbani ni unyevu unaokaa ndani ya majani yaliyosongamana, pamoja na aina iliyochaguliwa bila kuuangalia urefu wa msimu. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini inajibu mojawapo ya maswali mawili: je, mzabibu utakauka upesi baada ya mvua, na je, zabibu zitaiva kabla joto halijaisha?

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Miche iliyobebeshwa, yaani aina unayotaka ikiwa imeunganishwa juu ya shina la mzabibu mwingine, kuanzia 6 na kuendelea. Mzabibu mmoja uliotunzwa vizuri hutoa takriban kilo 2 za zabibu, hivyo miche 6 itakupa kama lita 7 za juisi.
- Nguzo za urefu wa mita 2.4, ambazo sentimita 60 zitaingia ardhini.
- Waya wa mabati wa unene wa milimita 2.5 kwa mstari wa chini, na mwembamba zaidi kwa mistari ya juu.
- Fito au mwanzi mmoja kwa kila mche, na kamba laini isiyokata gome.
- Mikasi mikali ya kupogolea, na spiriti ya kuipangusia unapohama kutoka mzabibu mmoja kwenda mwingine.
- Bomba dogo la kupulizia dawa, glavu, miwani ya kukinga macho na barakoa.
- Salfa ya unga inayochanganyika na maji.
- Kipimo cha pH ya udongo, na chokaa ya kilimo ikiwa udongo una tindikali nyingi.
- Wavu wa kuzuia ndege.
- Rifraktomita, yaani kifaa kidogo cha kupimia sukari kwa tone la juisi.

Mbolea yenye nitrojeni haimo katika orodha hii, na haikusahauliwa. Mzabibu uliolishwa nitrojeni nyingi hutoa majani mapana, laini na mengi, na majani ya namna hiyo ndiyo makao ya ukungu.

## Hatua ya 1: Tafuta mahali penye jua na hewa inayotembea

Baada ya mvua ya usiku, tembea bustanini asubuhi na uangalie nyasi zinakauka wapi kwanza. Hapo ndipo pa kupanda. Jaribio hili halina gharama, na linakuonyesha kwa pamoja mambo mawili ambayo ramani haiwezi kukuonyesha, yaani jua la asubuhi na mwendo wa hewa.

Kwenye mteremko, chagua upande unaotazama kusini ikiwa uko kaskazini mwa ikweta, na unaotazama kaskazini ikiwa uko kusini mwake. Usipande bondeni kabisa, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito na hutiririka kushuka kama maji. Mahali inapotuama ndipo jalidi huua machipukizi machanga. Ua mnene ulio chini ya mteremko huizuia hewa hiyo isitoke, hivyo acha pengo.

Ukuta uliopigwa na jua ni msaada mkubwa, kwa kuwa hulimbikiza joto mchana na kulitoa usiku. Hata hivyo, panda angalau sentimita 30 kutoka ukutani, na ufunge waya kwa vishikizo vinavyouacha umbali wa sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye ukuta, ili hewa ipite nyuma ya majani. Mizabibu mingi ya ukutani niliyoiona ikiugua ilikuwa imebanwa kwenye matofali.

## Hatua ya 2: Chagua aina inayowahi kuiva na kustahimili ukungu

Kosa la hatua hii haliwezi kurekebishwa baadaye kwa dawa wala kwa bidii. Watu hupanda Cabernet Sauvignon kwa sababu wanaupenda mvinyo wake, ilhali aina hiyo huchelewa mno kuiva na inahitaji msimu mrefu wa joto ambao mahali pa baridi hapana. Pinot Noir inawahi zaidi, lakini vichala vyake vimebanana. Punje moja ikipasuka katikati, maji hayatoki, na uozo husambaa kichala kizima kwa siku chache.

Anzia kwenye aina chotara zilizozalishwa kwa ajili ya hali hii hasa. Kwa mvinyo mweupe, Solaris, iliyozalishwa Freiburg nchini Ujerumani mwaka 1975, huwahi kuiva, hukusanya sukari nyingi na huvumilia ukungu vizuri. Tatizo lake ni nguvu nyingi za kukua, na nyigu huipenda. Phoenix nayo ni tulivu na inafaa wanaoanza. Seyval Blanc huzaa sana na majani yake hubaki safi, lakini asidi yake hubaki juu mwaka usipokuwa na joto la kutosha.

Kwa mvinyo mwekundu, Rondo ndiyo ninayoipendekeza kwanza penye baridi, mradi uuangalie ubwiri unga, ule ukungu wa unga mweupe juu ya majani. Regent, chotara nyingine ya Kijerumani, hutoa mvinyo mzuri zaidi kwa ladha yangu, lakini inataka mahali penye joto kuliko Rondo, kwa mfano ukutani. Palipo na majira ya baridi makali sana, Marquette, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani mwaka 2006, huhimili baridi ambayo ingeua aina nyingi za Ulaya. Tahadhari yake ni kwamba huchipua mapema, kwa hiyo jalidi ya mwisho inaweza kuikuta ikiwa tayari na machipukizi mabichi.

Nunua miche iliyobebeshwa juu ya shina linalostahimili filoksera, yule mdudu mdogo anayeshambulia mizizi. Muulize muuzaji ni shina gani. Lililo na nguvu za wastani, kama 3309, linafaa udongo wenye rutuba, kwa sababu halisukumi majani kupita kiasi.

## Hatua ya 3: Jaribu udongo na usimamishe waya

Chimba shimo la kina cha sentimita 50, ulijaze maji, na uliangalie siku inayofuata. Maji yakiwa yangali yamesimama, mizizi itakosa hewa hapo. Ama uhamie mahali pengine, ama uinue tuta la sentimita 30 na kupanda juu yake.

Pima pH. Kiwango kati ya 6 na 7 kinatosha. Chini ya hapo, changanya chokaa miezi michache kabla ya kupanda. Usiweke samadi ndani ya shimo.

Waya usimamishwe kabla ya mche kuingia ardhini, kwa kuwa kupigilia nguzo baadaye hukata mizizi. Waya wa kwanza uwe sentimita 80 hadi 90 kutoka ardhini. Juu yake weka jozi tatu za waya, jozi moja kila baada ya sentimita 30 au zaidi kidogo, ili machipukizi yapite katikati ya nyaya mbili na kusimama wima. Zabibu zilizo chini ya kimo cha goti hurukiwa na matone ya mvua yanayotoka ardhini, nayo matone hayo hubeba vimelea vya ukungu; ndiyo sababu waya wa kwanza hauwekwi chini zaidi.

## Hatua ya 4: Panda

Panda mwanzoni mwa majira ya kuchipua, mche ukiwa bado umelala. Loweka mizizi kwenye maji kwa saa kadhaa, punguza iliyovunjika, kisha itandaze shimoni bila kuikunja. Acha mita 1.2 hadi 1.5 kati ya mche na mche, na mita 2 kati ya mistari.

Uvimbe unaoonekana mahali pa kubebeshea lazima ubaki sentimita 5 au zaidi juu ya udongo. Ukiufukia, sehemu ya juu itatoa mizizi yake yenyewe, na kinga ya shina la chini itakuwa imepotea bila wewe kujua.

Weka eneo la nusu mita kuzunguka mche bila magugu. Kati ya mistari unaweza kuacha nyasi fupi, ambazo hunywa maji ya ziada na kuipunguzia mizabibu kasi ya kukua.

## Hatua ya 5: Jenga shina kwa miaka miwili bila tamaa ya zabibu

Mara baada ya kupanda, kata mche ubaki na macho mawili, yaani vivimbe viwili vinavyotoa machipukizi. Wengi hushindwa kufanya hivi kwa huruma, lakini mche usiokatwa hutoa vitawi vingi dhaifu, na uliokatwa hutoa chipukizi moja lenye nguvu. Funga chipukizi hilo kwenye fito kila linapoongezeka urefu wa kiganja.

Majira ya baridi yanayofuata, lipime kwa penseli. Likiwa na unene wa penseli hadi kimo cha waya wa kwanza, likate hapo. Hilo ndilo shina lako la kudumu. Likiwa jembamba, rudi tena kwenye macho mawili. Mwaka utakaodhani umeupoteza utaurudisha baadaye kwa mizizi iliyokomaa.

Ondoa vishada vyote vya maua katika miaka hiyo miwili. Mwaka wa tatu acha vichala 4 hadi 6 tu kwa kila mzabibu.

## Hatua ya 6: Pogoa wakati wa baridi kwa mfumo wa Guyot

Nafafanua maneno matatu kwanza. *Tawi* ni lile lililokua mwaka uliopita na sasa limekuwa mti wa rangi ya kahawia. *Jicho* ni kivimbe kilicho juu ya fundo la tawi. *Kijiti cha akiba* ni kipande kifupi cha tawi kilichoachwa na macho mawili.

Mzabibu huzaa kwenye machipukizi yanayotoka katika tawi la mwaka uliopita. Kwa hiyo kila mwaka unaondoa karibu kila kitu, na kuacha tawi moja lenye macho 8 hadi 10 pamoja na kijiti kimoja cha akiba karibu na kichwa cha shina. Tawi linalazwa taratibu kwenye waya wa chini na kufungwa. Kijiti kitatoa matawi ya mwaka ujao, ili shina lisizidi kupanda juu mwaka hadi mwaka.

Chagua tawi lenye unene wa penseli, lililokua kwenye jua, lenye mafundo yaliyokaribiana. Tawi nene kama kidole gumba huvutia macho lakini huzaa vibaya.

Subiri mwisho wa majira ya baridi. Kupogoa kwa kuchelewa huchelewesha kuchipua, na machipukizi mabichi huanza kufa joto likishuka hadi nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Mimi huacha tawi la pili likiwa limesimama wima bila kufungwa, kama bima, na kulikata tu hatari ya jalidi ikishapita. Mahali pa kukata pakitoa majimaji kama machozi, usihangaike, mzabibu haudhuriki.

Umefanikiwa ukisimama hatua tatu nyuma na kuona shina moja, tawi moja lililolala na kijiti kimoja. Kama bado unaona kichaka, hujamaliza.

## Hatua ya 7: Kazi ya kijani, ambayo ndiyo moyo wa mwongozo huu

Kupogoa wakati wa baridi watu hujifunza haraka. Wanachoacha ni kazi ya kila wiki kuanzia machipukizi yanapofika urefu wa kidole hadi zabibu zinapoanza kubadilika rangi, na hapo ndipo mavuno hupotea.

Anza kwa kupunguza machipukizi. Yale mawili yanayotoka kwenye jicho moja, acha moja. Yale yanayotoka kwenye shina kuukuu, ondoa kwa kidole yangali laini. Lengo ni chipukizi moja kila baada ya sentimita 10 za tawi lililolala.

Kisha yapitishe kati ya jozi za waya kila wiki. Chipukizi lililoachwa wiki tatu hulala juu ya jirani yake na kulishika kwa vikono vyake, na ukijaribu kulinyoosha litavunjika.

Maua yanapokwisha na punje zikiwa na ukubwa wa pilipili manga, ondoa majani yanayofunika vichala, ukianzia upande unaopata jua la asubuhi. Jua hilo hukausha umande bila kuunguza. Upande wa jua la alasiri acha jani moja moja kama kivuli. Usingoje zabibu zikue ndipo uondoe majani, kwa kuwa ngozi iliyozoea kivuli huungua ikifunuliwa ghafla, ilhali iliyokulia kwenye mwanga huwa ngumu zaidi.

Chipukizi likifikisha majani 12 hadi 15, likate ncha. Idadi hiyo inatosha kuivisha vichala vyake. Vitawi vya pembeni vinavyoota karibu na vichala viondolewe. Vya juu vikatwe vibaki na jani moja.

Msimu mmoja niliiacha mizabibu miwili ya aina moja, iliyokuwa jirani, nikiwa nimeondoa majani mmoja tu. Saa sita mchana, baada ya mvua ya alfajiri, nilitikisa ule niliouondolea majani kwa mkono na halikudondoka hata tone. Nilipoutikisa wa pili nililoa hadi kwenye kiwiko. Udongo, dawa na jua vilikuwa vilevile, lakini wiki tatu baadaye ule wa pili ulikuwa na uozo wa kijivu ndani ya karibu kila kichala.

Kipimo cha mafanikio ni hiki: ukisimama upande mmoja wa mstari, uweze kuona mwanga wa upande wa pili kupitia majani, na angalau nusu ya vichala ionekane bila kusogeza jani.

## Hatua ya 8: Tambua magonjwa matatu na uyatangulie

Ubwiri unga ni unga mweupe wenye ukijivu juu ya majani na punje. Tofauti na wengi wanavyodhani, hauhitaji mvua. Hupenda kivuli, mawingu na hewa iliyotuama. Punje zikiupata mapema hupasuka zinapokua. Salfa huuzuia, lakini haiponyi kilichokwisha kuharibika, kwa hiyo anza kupulizia machipukizi yakiwa mafupi na urudie kwa vipindi vilivyoandikwa kwenye kifungashio. Kipindi cha hatari kubwa ni kuanzia kabla tu ya maua hadi wiki 3 au 4 baadaye. Usipulizie joto linapozidi nyuzi 30, na jua kwamba aina kama Maréchal Foch huunguzwa na salfa. Acha kabisa wiki 5 hivi kabla ya mavuno, kwa kuwa salfa iliyobaki kwenye ngozi hugeuka harufu ya yai viza ndani ya mvinyo.

Ubwiri vinyoya unahitaji majani yaliyolowa. Juu ya jani huonekana doa la manjano kama tone la mafuta. Geuza jani na utakuta vinyoya vyeupe mahali palepale. Wakulima hutumia kanuni ya kumi tatu: joto likifika nyuzi 10, mvua ya milimita 10 ikinyesha, na machipukizi yakiwa na sentimita 10, maambukizi ya kwanza yanawezekana. Dawa za shaba, ikiwemo mchanganyiko wa mrututu na chokaa, huuzuia, lakini shaba haiozi na hulimbikizana udongoni. Umoja wa Ulaya umewawekea wakulima kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7, na sheria za matumizi ya nyumbani hutofautiana kati ya nchi na nchi, hivyo soma sheria ya mahali ulipo kwanza. Aina chotara mara nyingi hupita msimu bila shaba kabisa.

Uozo wa kijivu huingia penye jeraha: palipopasuka, palipotobolewa na nyigu, palipodonolewa na ndege. Dawa yake kubwa ni Hatua ya 7. Weka wavu mara punje zinapoanza kulainika, na uukaze chini ili ndege wasinase ndani.

Jani la chini likigeuka manjano kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, usidhani ni ukungu. Huo mara nyingi ni upungufu wa magnesiamu.

## Hatua ya 9: Vuna kwa kipimo, si kwa rangi

Rangi hubadilika wiki nyingi kabla ya kuiva, na kosa la mwisho ni kuidanganyikia. Kuanzia hapo hesabu wiki 5 au 6 hivi, ukipima kila wiki. Chuma punje kama 50 kutoka vichala mbalimbali, vya kivulini na vya juani, uzikamue pamoja na kuweka tone moja kwenye rifraktomita. Punje moja tamu uliyoichagua kwa jicho haikuambii chochote.

Kifaa hicho husoma Brix, yaani kipimo cha sukari iliyo ndani ya juisi: kwa mvinyo mweupe ngoja Brix 18 hadi 20, na kwa mwekundu 20 hadi 22. Brix 18 hutoa kileo cha karibu asilimia 10. Ikipungua kidogo, gramu 17 za sukari kwa lita ya juisi huongeza kileo kwa takriban asilimia 1. Lakini sukari ya kuongeza haipunguzi uchachu, kwa hiyo kila siku ya jua unayoweza kuingoja ina faida.

Kata punje moja na utazame mbegu. Ikiwa bado ya kijani na inang'ang'ania nyama, subiri. Ikiwa ya kahawia, imetengana na nyama na inavunjika kwa meno kama karanga iliyokaangwa, zabibu ziko tayari.

Uozo ukianza kuenea kutoka kichala hadi kichala huku mvua ikitarajiwa, vuna hata kama kipimo hakijafika. Zabibu safi zenye Brix 17 hutoa mvinyo bora kuliko zenye Brix 19 zilizooza nusu.

Vuna umande ukishakauka, kata kila punje mbovu hapohapo mzabibuni, na ukamue siku hiyohiyo. Kisha okota majani yaliyoanguka na vichala vilivyokauka juu ya matawi, uvitoe nje ya bustani, kwa sababu vimelea vya ubwiri vinyoya na vya uozo wa kijivu hulala humo wakingoja mvua ya majira yajayo.